Wafu wa Jumamosi

Mwezi uliopita jirani yangu hapa Lodwar alikuwa anamwoza binti yake, na asubuhi wanaume wakaanza kuchinja mbuzi upande wa pili wa ukuta wetu. Nilikuwa kwenye cherehani namalizia gauni la mmoja wa wasimamizi wa bibi harusi, na kelele zao nilizipuuza. Lakini walipompasua tumbo mbuzi wa kwanza, ile harufu ya majani yaliyosagika, mabichi bado, yenye uchachu na joto la mnyama, ilivuka ukuta ikanikuta nimeshika uzi mdomoni, nikaacha kushona. Wengi wa siku hizi huziba pua. Mimi niliivuta taratibu kama mtu anayenusa chai ya tangawizi, na machozi yakanilenga. Harufu hiyo kwangu ni ya babu yangu, mzaa mama, na ya asubuhi aliyomrudisha kaka yangu kwetu.

Tuliishi Kakuma, upande wa mjini, karibu na laga, ule mto wa mchanga unaopata maji mvua ikinyesha tu, mahali ambapo miti ya mathenge ilikuwa imejikaribisha yenyewe mpaka uani. Mama alikuwa mpishi wa shule. Baba alikuwa mlinzi Lokichoggio, tukimwona mwisho wa mwezi, akifika amechoka na mche wa sabuni kwapani. Kwa hiyo siku nyingi tulikuwa watatu: Mama, kaka yangu Ekai, na mimi. Ekai alikuwa na miaka kumi na minne hivi, mimi sijatimiza tisa, na popote alipokwenda nilikuwa mkia wake. Na mahali Ekai alipopenda kwenda kuliko kote duniani ni kwenye video kwa Mama Solange.

Wa rika langu mnavikumbuka vibanda vile. Cha kwetu kilikuwa cha mabati yaliyokwisha kutumika kwingine, yenye matundu ya misumari, na jua la mchana lilipenya kwenye matundu hayo likatuchora madoadoa migongoni. Kulikuwa na mabenchi sita, televisheni moja yenye tumbo kubwa, na jenereta nyuma iliyokohoa kuliko mgonjwa. Siku ya watoto ilikuwa Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Tuliingia wa mjini na wa kambi ya wakimbizi, Waturkana, Wasomali, Wasudani, Wakongo, tukabanana tukitoka jasho kama maandazi kwenye karai. Picha zilikuwa za mapigano tu. Waigizaji walisema lugha zao, na juu ya sauti zao dijei alipiga kelele kwa Kiswahili cha Nairobi, akiwapa majina ya kuchekesha na kutabiri nani anakufa sasa hivi. Shujaa alikuwa na fulana iliyochanika na bunduki isiyoishiwa risasi. Tukitoka tulishuka kwenye laga kuyarudia yote, na aliyepigwa risasi ilibidi aanguke polepole, mikono imetanuka. Mimi nilisifika kwa kufa. Hakuna mtoto Kakuma aliyekufa vizuri kama mimi.

Mwanzoni niliamini kwamba watu wale wanakufa kweli, na picha ya kwanza ilinitoa mbio nikilia. Ekai alinihurumia. Jumamosi iliyofuata akanikalisha mbele na kunionyesha mtu mmoja mnene mwenye jino la dhahabu. Wiki iliyopita, tuliona wote, alipigwa risasi akaporomoka kutoka juu ya ghorofa. Na sasa huyu hapa, jino lake mdomoni, amekaa hotelini anakula supu. "Umeona?" Ekai akaniambia. "Hakuna mtu amekufa. Wiki hii anaanguka, wiki ijayo amerudi." Alinieleza na mambo ya kuigiza, lakini hayo yalinipita. Nilichukua nilichoweza kukielewa: mtu akifa kwa ugonjwa, kama bibi yangu, harudi, lakini akifa kwa risasi, kwa kuwa tundu ni dogo, anapumzika wiki moja, halafu Jumamosi anarudi. Nilifurahi sana kulijua jambo hilo.

Mama Solange mwenyewe hakuwahi kukaa ndani. Alikuwa mkimbizi kutoka Kongo, mwanamke mrefu wa maneno machache, naye alikaa nje mlangoni juu ya mtungi uliopinduliwa, akichambua maharagwe, mgongo kwa televisheni yake mwenyewe. Milio ya risasi ikianza kwenye picha aliinuka akaenda kuiangalia jenereta. Nilidhani anaikinga isipigwe. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba mama huyo alikuwa amekimbia milio hiyo hiyo, na sasa anaiuza ili watoto wake wale.

Mjomba wetu, mdogo wake Mama, aliitwa Ewoi. Alikuwa utingo kwenye lori lililoleta unga na mboga kutoka Kitale, na kila safari alitubebea tikiti maji la Katilu, amelifunga kwenye gunia kama mtoto mchanga. Alikuwa mtu wa mzaha. Akifika hakubisha hodi, aliuliza kwa sauti nzito kama hii ndiyo nyumba ya wale watoto wanaoiba sukari. Basi wiki moja lori likaja bila yeye. Upande wa Kainuk watu waliojificha kando ya barabara walilimiminia risasi. Dereva alipona, mjomba hakupona. Polisi waliuliza, wazee waliuliza, na kila mtu alikuwa na lake la kusema: mmoja ametaja majirani zetu wa kusini, mwingine ametaja majambazi tu. Jina hata moja halikupatikana, na halijapatikana mpaka leo.

Mama alilia mpaka sauti ikamkauka. Mimi sikulia. Wanawake waliokuja kutupa pole walinisifu, wakasema huyu mtoto ana moyo mgumu. Hawakujua kwamba nahesabu siku. Jumamosi ilipofika nilifagia uwanja, nikachota maji ya kuoga ya mjomba, nikakaa langoni tangu asubuhi. Hakuja. Sikukata tamaa, niliona kwamba Kainuk ni mbali na huenda hakupata gari. Nikampa wiki nyingine.

Ekai naye hakulia, lakini kutolia kwake kulikuwa kwa namna nyingine. Aliacha kucheza. Alianza kutembea huku mabega ameyatanua, akimwangalia kila mgeni sokoni kwa jicho la pembeni. Alikuwa hakosi kwa Mama Solange hata siku za wakubwa, akichungulia kwenye matundu ya mabati. Alasiri moja aliniita nyuma ya jiko akaniapisha kwa jina la Mama, halafu akaniambia mpango wake. Babu yuko njiani anakuja msibani. Akirudi malishoni, Ekai ataomba kwenda naye kumsaidia mifugo. Kule kuna bunduki, kila boma. Atachukua moja, atashuka Kainuk, atamuua aliyemuua mjomba.

"Na utamjua vipi?" nikamuuliza.

"Nitamjua tu nikimwona."

Alisema hivyo kwa uhakika kabisa, nami sikuona shida yoyote. Sikumhofia Ekai, mashujaa hawafi. Nilichoshangaa ni kwamba anataka kujisumbua safari ndefu namna ile na hali mjomba mwenyewe yuko njiani anarudi.

Babu alifika siku mbili baadaye, kwa miguu, na beberu mmoja mweusi aliyemswaga mbele yake. Alikuwa mwembamba, mrefu, amejifunga shuka begani, na mkononi ana fimbo na ekicholong, kile kigoda kidogo ambacho wazee wetu hukalia mchana na kukilazia kichwa wakipumzika. Mjomba Ewoi alikuwa kitinda mimba wake. Kwenye bega la kulia Babu alikuwa na chale, safu za vinundu vidogo vidogo vilivyojipanga. Kwetu mtoto hahitaji kuelezwa maana yake: mwanamume aliyeua adui alichanjwa hapo, na kila mtu aliyeona bega lile alijua. Ekai alizipenda chale zile kupita kiasi. Alipokuwa mdogo alizigusa kwa kidole akizihesabu, na Babu kila mara alilivuta shuka akalifunika bega, akauliza habari za mbuzi.

Siku ya tatu ya kukaa kwake nilimpelekea chai kivulini nikamkuta analia. Hakutoa sauti, wala hakufuta uso. Machozi yalishuka tu yakafuata mikunjo ya mashavu. Sikuwa nimewahi kuona mzee akilia, na roho iliniuma. Nikataka kumliwaza. Nikamwambia asilie, mjomba alipigwa risasi tu, atarudi Jumamosi, kama si hii basi ile ingine. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kusema mambo ya maana, nikaongeza kwamba amwambie Ekai asubiri, asihangaike kuchukua bunduki malishoni kwenda kumuua yule mtu wa Kainuk, kwa maana mjomba akirudi itakuwa ni kazi bure.

Babu akakiweka kikombe chini. Kiapo changu nilikikumbuka hapo hapo. Lakini hakunigombeza. Aliniuliza kwa upole, kwa Kiturkana chetu, ni nani aliyenifundisha kwamba aliyepigwa risasi hurudi. Nikasema nimeona kwenye video kwa Mama Solange, na Ekai ameona. Akasema nimpeleke naye akaone.

Jumamosi hiyo nikaenda na babu yangu kwenye video. Mama Solange alipomwona alisimama, akamsalimu kwanza kwa Kiturkana, "Ejok, Muzee. Ingia tu, kwako ni bure." Babu alipita katikati ya watoto, akaweka ekicholong yake mbele kabisa, akakaa wima kama aliye barazani. Ekai alikuwa benchi la nyuma, na nilipogeuka nilimwona ameinamisha kichwa kwa aibu. Mimi nilikuwa mkalimani. Shujaa anasema kwa lugha yake, dijei anaipindua kwa Kiswahili cha mjini, nami naipindua tena kwa Kiturkana. Sijui ni nini kilichomfikia mzee mwishoni. Lakini mauaji hayakuhitaji mkalimani. Kila mtu alipokufa Babu alikunja kidole. Vidole vyake vilipokwisha alinishika mkono akaendelea kuhesabu kwenye vyangu.

Halafu shujaa akamaliza kazi yake, akavua fulana iliyoloa damu, akarudi nyumbani. Mlango ukafunguliwa na mtoto wa kike mdogo, umri wangu, shujaa akamnyanyua akamkumbatia, wakakaa mezani wakala pamoja. Watoto wote kibandani walishusha pumzi kwa raha. Babu akasimama. Alisimama mbele ya televisheni akaizuia yote, akaninyoshea mkono.

"Mwambie atoke kwenye nyumba hiyo," akasema. "Hajaoshwa. Tazama bega lake, halina kitu. Hakuna aliyemchinjia hata mbuzi. Na amemshika mtoto."

Kibanda kizima kiliangua kicheko. Mabenchi yalitikisika. Mimi nilitamani ardhi inimeze, maana nilijua Jumatatu shule nzima itaigiza babu yangu. Kwa kishindo kile Mama Solange aliingia ndani, mara ya kwanza nilipomwona akiingia picha ikiendelea, akaagiza jenereta izimwe. Akamwambia Babu kwa heshima, "Muzee, ile ni filimu tu. Bale batu habakufa."

Nikatafsiri: watu wale hawakufa. Babu akajibu kwamba amesikia, na amefurahi kwa ajili yao. Yeye anauliza hawa watoto. Mtu ameua watu wengi kuliko vidole vya wawili, na jioni hiyo hiyo anakula na mwanawe, na hakuna linalompata. Je, watoto wanaotazama hivi kila wiki, ni nani huwaambia lililobaki?

Mama Solange alikaa kwenye benchi, maharagwe yake mkononi. Akasema, "Kwetu pia, Muzee, hapana mutu aliosha bale baliua." Nikatafsiri neno kwa neno, kwamba hata kwao hakuna aliyewaosha wale walioua, bila kuelewa nilichotafsiri. Babu akamtazama muda mrefu, akaitikia kwa kichwa, kisha akachukua kigoda chake akatoka. Picha haikuendelea siku ile.

Nyumbani yote yalifumuka. Mama alipoambiwa na Babu habari ya bunduki alikaa chini pale pale penye moto. Ekai alinitazama jicho moja tu, la mtu aliyeuzwa na ndugu yake, na jicho hilo lilinichoma kuliko kiboko. Babu akasema kesho alfajiri yule beberu atachinjwa, na Ekai ataoshwa kama anavyooshwa mwanamume aliyetoka kuua. Mama akapinga. Sisi ni watu wa kanisa, alisema, majirani watasema nini, na mtoto huyu hajaua mtu.

"Ameshaua," Babu akasema. "Bado mkono tu."

Kisha akafanya jambo ambalo hata Mama hakuwahi kuliona. Alilitoa bega lake nje ya shuka akazungumza habari zake, polepole, akimtazama Ekai. Alisema mtu aliyemuua alikuwa amebeba kibuyu cha maziwa, na kilipoanguka hakikupasuka; kililala tu kikimwagika. Alisema alirudi akiimbiwa nyimbo, lakini aliyeua haingii nyumbani moja kwa moja. Alikaa kando ya boma siku nyingi, anakula peke yake, hagusi mtu. Na kila asubuhi binti yake mdogo alikuja mpaka ukingoni mwa miiba akimwita jina, na yeye hakuruhusiwa kuitika. Alisema chale hizi vijana huzihesabu wakidhani ni watu aliowashinda. Yeye akizishika usiku anasikia kibuyu.

"Ni mimi niliyekuwa nakuita," Mama akasema. "Nilidhani umenichukia."

Mama hakupinga tena, na akasema kanisani ataeleza mwenyewe.

Tulishuka kwenye laga kulipopambazuka, mchanga bado wa baridi chini ya nyayo. Babu alimwangusha yule beberu, akampasua tumbo, na ile harufu ikapanda. Akamwita Ekai apige magoti. Kwa desturi, anayeoshwa husema kwanza ukweli wote kuhusu aliyemuua, kwa maana uongo ukibaki ndani hauoshwi na chochote. Babu akauliza, "Uliyemuua ni nani?"

Ekai akacheka kidogo, kile kicheko cha mvulana anayeona wazee wamerukwa na akili. Akasema hajaua mtu. Babu akasema anamuuliza yule wa moyoni. Ekai akajibu ni yule aliyemuua mjomba. Jina lake? Hajui. Mwana wa nani? Hajui. Ng'ombe wake wana alama gani? Hajui. Babu akachota yale majani ya moto ya tumboni mwa beberu kwa viganja vyote viwili. Halafu akamuuliza taratibu kabisa, "Unapomuua moyoni, ana uso gani?"

Nilimwona kaka yangu anafungua mdomo ajibu haraka kama alivyozoea, na jibu halikuja. Macho yalimzunguka akitafuta. Alikuwa na uso wa mtu huyo. Alikuwa nao wazi, aliutazama kila alipofumba macho, ndiyo maana aliniambia atamjua akimwona. Na sasa kwa mara ya kwanza alikuwa anautazama kweli.

"Ana jino la dhahabu," Ekai akasema.

Akaanguka kifudifudi kwenye mchanga, akalia. Alilia kilio ambacho alikuwa amekiweka tangu lori lilipokuja bila mjomba, akilitaja jina la Ewoi, akipiga ngumi chini. Babu alipiga magoti kando yake, goti moja likalia kama kijiti kikavu, akampaka yale majani kifuani, usoni, mabegani, yote mawili, akisema maneno ya baraka ambayo siwezi kuyaandika kwa Kiswahili bila kuyaharibu. Mama alikuwa anaomba kwa maneno yake ya kanisani upande wa pili, na hayo mawili hayakugombana hata kidogo.

Mimi nikasogea nikaomba nipakwe pia, ili mjomba aje upesi. Babu alinipaka paji la uso. Kisha akanishika kidevu akaniambia kwamba Ewoi harudi. Jumamosi hii harudi, na ile ingine harudi. Wale wa Mama Solange walirudi kwa sababu hawakwenda popote, Ewoi amekwenda. Nilimwelewa. Nililia hapo na mimi, na siku zote nimemshukuru kwamba alinipaka kwanza ndipo akaniambia.

Tulinuka wiki nzima. Shuleni walituzibia pua na kutuita mbuzi wa Babu, na Ekai hakunisemesha siku nne, akaja akanisemesha siku ya tano kwa kuniibia andazi. Babu alirudi malishoni peke yake. Ekai hakuomba kufuatana naye. Kwa Mama Solange tuliendelea kwenda, kusema kweli, hakuna aliyetukataza. Ila mama huyo alianza mtindo mpya. Picha ikiisha, kabla hajafungua mlango, aliingia akatuuliza ni nani aliyemlilia yule aliyeanguka wa kwanza, na tusipomkumbuka ni yupi, alituweka mpaka tumkumbuke. Nilimchukia kwa hilo wakati ule. Leo ningempikia karamu.

Sisemi video ziliua mtu. Sipendi wanaosema kwa urahisi namna hiyo, kama vile mtoto ni sufuria, unachotia ndicho unachopakua. Wengi tuliokaa nao kwenye mabenchi yale wako salama salimini. Mmoja ni mchungaji, mwingine anapiga picha za harusi na ndiye aliyemtoa jasho yule bibi harusi wa jirani. Hasira ya Ekai haikutoka kwenye televisheni. Ilikuwa yake, na ilikuwa na haki. Televisheni ilimpa uso wa kuubandikia hasira ile, na uso usio na mwenyewe unaweza kumkaa mtu yeyote: mchungaji wa mbuzi, mpita njia, mwanamume anayenunua tumbaku Kainuk. Hilo ndilo linalonitisha hata sasa, nikiwaona wanangu wamejikunyata juu ya simu, kibanda kizima cha Mama Solange kimewaingia mfukoni, wala hapana mtu mlangoni. Mimi huwauliza huyo aliyeua atalala wapi leo. Wananicheka, wanasema Mama naye na maswali yake. Nami nawaacha wacheke, mradi wamesikia.

Ekai sasa ni dereva. Anaendesha lori barabara ile ile ya Kitale, na miaka ya mwanzo Mama alifunga na kuomba kila safari yake mpaka aliposikia honi. Mwaka jana alinipigia simu mchana akiwa Katilu, sauti yake ya ajabu ajabu. Aliniambia kwamba baada ya kupita Kainuk, karibu na pale, na sikuhitaji kuuliza ni pale wapi, mwanamume alitoka vichakani akasimama katikati ya barabara amenyosha mkono. Hakuna dereva anayesimama sehemu ile. Utingo wake alimpigia kelele akanyage mafuta. Mtu yule hakuwa wa kwetu, ilionekana kwa shanga na kwa namna alivyofunga shuka. Ekai akakanyaga breki. Mgongoni yule mtu alikuwa amebeba mtoto aliyeungua maji ya moto, na sasa mtoto yuko kwa daktari, wamemwahi, na baba yake amekaa hapa nje kwenye kivuli cha lori hajui aseme nini.

Nikamuuliza kama hakuogopa. Akasema aliogopa, na hata sasa anaogopa.

"Lakini nilimwangalia vizuri, dada," akasema. "Alikuwa na uso wake mwenyewe."